NENO LA BINTI MDOGO

Somo: 2 Wafalme 5:1–27



Habari ya Naamani twaijua wengi wetu tangu shule ya Jumapili. Alikuwa jemadari wa mfalme wa Shamu, mtu mkubwa mwenye farasi na magari na watumishi, lakini alikuwa na ukoma. Tuisomapo habari hii macho yetu hukimbilia kwa nabii Elisha na mto Yordani, nasi hupita upesi juu ya mtu ambaye bila yeye Naamani asingefika Yordani kamwe. Mtu huyo ni binti mdogo, mateka wa vita kutoka Israeli, aliyekuwa akimtumikia mke wa Naamani. Jina lake halikuandikwa. Hakuwa tabibu wala nabii. Alikuwa na habari moja tu, kwamba yuko mtu Samaria awezaye kumsaidia bwana wake. Akaisema kwa bibi yake, mle nyumbani, na habari ile ikafika hadi kwa mfalme.

Mwezi huu twataka kumtazama binti huyo, maana tunaye wa namna yake katika parishi yetu, na wako miongoni mwetu wanaotaka anyamazishwe.

Yeye ni fundi cherehani. Mwaka jana zahanati ilimchagua pamoja na wasichana wengine wachache, ikawafundisha kuwa waelimishaji rika. Kazi yao ni kuwaendea wasichana wenzao kisimani, mnadani, wanapopalilia karanga na wanaposukana nywele, wawaeleze juu ya virusi vya UKIMWI, na kumpa anayetaka kipimo cha kujipima mwenyewe. Jumapili moja baada ya ibada tulisikia maneno chini ya mkwaju. Mmoja alisema kwamba mabinti wanafundishwa uzinzi. Mwingine alisema mtoto wa juzi hawezi kujua lolote juu ya maradhi. Na mzee mmoja aliuliza kwa nini wazee wa kanisa wasiletewe orodha ya majibu. Ndipo tukaona yafaa tuandike.

Kwanza tukieleze kipimo chenyewe, maana wengi wanakinena bila kukiona. Kinachotumika sana ni kijiti cha plastiki chenye pedi ndogo mwishoni. Mtu asile wala kunywa kitu kwa dakika 15 kabla ya kupima. Hupitisha pedi ile mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye ufizi wa chini, akakitia kijiti katika kichupa chenye maji ya dawa, akasubiri dakika 20. Zikipita dakika 40 asiyasome tena majibu. Mstari mmoja penye herufi C maana yake kipimo hakikuona dalili ya virusi. Mistari miwili, penye C na penye T, maana yake mtu aende zahanati apimwe tena kwa damu, kwani kijiti hiki peke yake hakitoi neno la mwisho. Mstari usipotokea penye C, kipimo kimeharibika, achukue kingine. Aliyeambukizwa majuma machache tu yaliyopita huenda kisimwonyeshe, kwa hiyo mwenye wasiwasi hurudia baada ya miezi 3. Na yule ambaye amekwisha kuanza dawa za kufubaza virusi asikitumie, kwa sababu chaweza kumdanganya.

Wengine wameuliza, je, kama hupimwa kinywani, basi mate huambukiza? La, hasha. Kipimo hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza wapigane na virusi, nao huonekana katika majimaji ya ufizi. Hakuna aliyeambukizwa UKIMWI kwa kunywa kikombe kimoja na mwenzake, wala kwa kikombe cha Ushirika Mtakatifu.

Jambo hili si la uchochoroni. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kujipima mwezi Desemba 2016. Hapa kwetu Tanzania Bunge lilibadilisha sheria mwezi Novemba 2019, likaruhusu watu kujipima, na likashusha umri wa kupimwa bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Mwenye swali juu ya umri wa binti yake na akaulize zahanati.

Sasa tuseme kwa nini haja ni kubwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walionekana mkoani Kagera mwaka 1983, na sisi wa umri huu tumezika wengi tangu hapo. Lakini mambo hayako tena kama yalivyokuwa. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wenye virusi, karibu 83 wanajua hali yao. Katika kila 100 wanaojua, karibu 98 wanatumia dawa. Na katika kila 100 wanaotumia dawa, 94 virusi vyao vimefubaa. Tazameni hesabu hiyo kama tulivyozoea kuwaambia wanafunzi, mkatafute mahali ambapo namba inaanguka. Haianguki kwenye dawa. Inaanguka kwenye kujua. Anayejua karibu kila mara hupata dawa na kuishi. Wale 17 wasiojua ndio walio hatarini, wao na watu wawapendao.

Na tujue pia kwamba wasichana huambukizwa kuliko wavulana wa rika lao, na mara nyingi anayewaambukiza ni mwanamume aliyewazidi umri. Basi tunapowanyoshea kidole mabinti, tukumbuke kwamba mwanamume huyo naye ana jina, na pengine ana kiti chake kanisani.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Mwaka 2009 alikuja nyumbani kwetu jioni mwanamke kijana tuliyemfundisha darasa la nne hadi la saba. Alikuwa na mtoto mgongoni. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema, “Mwalimu, nina neno nataka kukuuliza, lakini naona haya.” Sisi tulikuwa tumesikia ya kusikia juu ya maisha yake. Kabla hajafungua kinywa tukampa mahubiri marefu juu ya mwenendo mwema, kama tulivyompa alipochelewa namba shuleni. Akasikiliza kwa adabu, akasema, “Shikamoo mwalimu, naomba niende, giza linaingia.” Akaenda. Baadaye tuliambiwa na dada yake kwamba alikuwa akitaka kupima, lakini benchi la kusubiria lilikuwa kando ya njia, na kila apitaye alijua siku ile ni ya nini. Alitaka tumsindikize tu. Dawa zilikuwa zimekwisha kuanza kutolewa bure nchini tangu mwaka 2004. Alifariki mwaka uliofuata. Tulimzika kwa nyimbo nzuri sana, na sisi tulisoma wasifu wake.

Wazee wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Maneno ni ya kweli, lakini nasi tujiulize: ni nani aliyemfanya afiche?

Basi turudi kwa Naamani, tuwajibu ndugu zetu wa chini ya mkwaju.

Wanaosema kwamba mtoto hajui kitu, watazame habari ile ilivyokwenda. Iliposemwa na binti kwa bibi yake ilieleweka mara moja. Ilipotiwa mikononi mwa wakubwa, ikapelekwa kwa barua na fedha kutoka mfalme hata mfalme, ilikaribia kupotea. Mfalme wa Israeli alirarua mavazi yake akidhani anatafutiwa vita, wala hakukumbuka kwamba katika nchi yake yuko nabii. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa jambo hili, na miaka ya darasani ikatuthibitishia. Mtoto aliyeshindwa kuelewa hesabu za sehemu mbele ya ubao wetu alizielewa akichorewa na jirani yake juu ya dawati. Hakuona haya kumwambia mwenzake kwamba hajaelewa. Vivyo hivyo msichana ambaye hawezi kumwuliza mama yake, wala Kasisi, wala sisi, atamwuliza mwenzake wanapotwanga mtama.

Wanaosema kwamba kijiti hiki kinafundisha uzinzi, tunawaheshimu, maana nia yao ni kulinda usafi, nasi tumefundisha usafi huo maisha yetu yote wala hatuuachi. Lakini kioo hakimchafui mtu uso. Binti aliye safi atajua kuwa yu salama, na zahanati itamweleza njia za kujikinga. Mke aliyetulia nyumbani mwake, ambaye mumewe husafiri, naye atajua. Na aliyeanguka atajua mapema, apate dawa, azae mtoto asiye na virusi. Tena wataalamu wamehakikisha kwamba anayetumia dawa vizuri, virusi vyake vikafubaa hata visionekane katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Naamani naye alikasirika kwa sababu aliloambiwa lilikuwa dogo mno, kuoga tu mtoni. Watumishi wake ndio waliomtuliza, wakamwonyesha kwamba angeambiwa jambo kubwa angelifanya. Tusikidharau kijiti kwa udogo wake.

Na yule aliyetaka orodha ya majibu, tunamwomba kwa upendo aisome sura hii hadi mwisho, amwone Gehazi. Naamani alipokwisha kupona, Gehazi alimkimbilia ajipatie kitu kutokana na ugonjwa wa mwenziwe, na ukoma ule ukamshika yeye. Mwenye kutaka kujua siri ya mgonjwa ili apate neno la kusema barazani anatembea katika njia ya Gehazi. Mabinti wetu wamefundishwa wasimdai mtu majibu. Humwonyesha namna ya kupima, humpa kipimo, humwambia wapi pa kwenda, na akitaka kusindikizwa humsindikiza. Waelimishaji hawa wametushinda sisi walimu katika jambo hilo.

Basi parishi ifanye nini?

Kwanza, tusimlazimishe mtu kupima. Sheria ya mwaka 2008 inakataza, na Injili pia. Mume asimtupie mke kipimo mezani na kusimama juu yake. Wazazi wasimfungie binti chumbani mpaka apime. Wala tusiwadai vijana wanaotaka kufunga ndoa watuletee majibu mezani. Tuwashauri wapime pamoja, na wanayoyaona yabaki kwao.

Pili, tufunge vinywa. Ukimwona binti akienda zahanati, umwamkie kama siku zote, uendelee na safari yako.

Tatu, tusindikize. Dakika 20 za kusubiri ni ndefu kwa mtu aliye peke yake, na njia ya kutoka mistari miwili hadi zahanati ni ndefu zaidi. Wako watakaoishia njiani kwa kukosa nauli ya bodaboda, na wako watakaoishia njiani kwa hofu. Umoja wa Akina Mama waweza kutenga sehemu ya sadaka yao kwa ajili ya nauli hiyo, bila kuuliza ni ya nani, ikipitia kwa mabinti wenyewe. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi za UKIMWI katika nchi nyingi zikatikisika. Na tujifunze hapo. Nauli ya kilomita chache haina haja ya kungojewa kutoka ng'ambo.

Nne, tumpokee. Atakayejua kwamba ana virusi akitukuta Jumapili, na akute nafasi katika benchi letu, kitabu kimoja cha nyimbo kati yake na sisi, na mkono wa amani. Hilo halihitaji mafunzo ya zahanati.

Kwa binti zetu mnaoifanya kazi hii twasema hivi. Msichoke, wala msiogope maneno ya chini ya mkwaju. Mtunze siri kama mlivyofundishwa. Mkishindwa na swali, semeni hamjui, mkaulize zahanati. Na mkitaka mtu mzima wa kuwasindikiza, nyumba yetu mwaijua, na safari hii tutanyamaza kwanza.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyemtumia binti asiye na jina ili kumwokoa mtu mkubwa, tusamehe sisi tuliosema mno tulipopaswa kusikiliza. Walinde mabinti wanaobeba habari njema kwa wenzao. Wape ujasiri wanaoogopa kujua, na nguvu waliokwisha kujua. Ulifanye kanisa lako kuwa mahali ambapo mgonjwa haoni haya kuingia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.