Vijana Wetu na Siku ya Hatari



Nuhu alijenga safina kabla ya mvua. Yusufu alijaza maghala katika miaka ya shibe. Wote wawili walikuwa watu wa imani. Basi tusiseme kwamba kuwafundisha watoto habari za hatari ni kujiitia mabaya.

Tunaikumbuka Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100. Yatupasa kuwaambia vijana kweli: petroli iliyomwagika hutoa mvuke usioonekana, na cheche moja yatosha.

Lakini kuambiwa tu hakutoshi. Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua kwamba mtoto hushika lile alilolitenda mwenyewe. Kwa hiyo Umoja wa Vijana ufanye mchezo kila baada ya kwaya. Filimbi ikilia, mkubwa amshike mdogo mkono, wakimbie mbali na "lori". Mmoja aigize kupiga 114, namba ya Zimamoto, na kutaja mahali. Wajizoeze kulala chini na kubingirika nguo zikishika moto, na kupoza palipoungua kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, si kwa dawa ya meno.

Udongo uwahi ungali maji. Nasi wazazi tusiwe wa kwanza kubeba madumu, maana mtoto hufuata miguu ya mzazi kuliko maneno ya mwalimu.

Bwana atupe hekima ya kuwalinda wadogo wake. Amina.