Nani Anasema Kompyuta Imekwisha?

Nyumbani kwetu hapa Brampton, katika chumba cha chini, kuna kompyuta ya mezani ambayo imetubishanisha kuliko siasa za nyumbani. Tuliinunua mwaka 2015 kutoka ofisi iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake. Ni sanduku jeusi lisilo na urembo wowote: prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, kumbukumbu ya gigabaiti 8, na diski ya kuzunguka ambayo kila asubuhi ilikuwa ikiguna kama mzee anayeinuka kitini. Kwa kompyuta hiyo binti yetu aliandika barua zake za kuomba chuo. Kwa hiyo hiyo, mwaka 2020, tulitazama maziko ya mama yetu mdogo kule Mombasa, kwa kuwa safari zilikuwa zimefungwa na hapakuwa na njia nyingine ya kuhudhuria.

Chanzo cha ugomvi ni kijana wetu, ambaye ana miaka kumi na minne. Yeye na wenzake hucheza gemu kila mtu akiwa kwao, na katika kundi hilo alikuwa ndiye wa mwisho kuingia uwanjani, kila mara. Wenzake wameshafungana mabao mawili, yeye bado anatazama duara likizunguka. Lakini hakuwa peke yake mwenye haja. Sisi wazazi tulikuja nchi hii mwaka 1998 na sanduku moja lililojaa kaseti: Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma, na nyingine zisizo na jina dukani, zilizorekodiwa kwa redio kaseti uani kwenye harusi za jamaa zetu. Katika mbili za aina hiyo imo sauti ya bibi yetu akiimba na wanawake wenzake. Utepe wa kaseti haungoji mtu. Kila mwaka tulikuwa tukiambiana kwamba lazima tuzihamishe zote ziingie katika kompyuta, na kila mwaka ulikwisha bila sisi kufanya lolote.

Basi tukalibeba sanduku letu hadi duka moja la hapa mjini, ambalo hatutalitaja. Kijana aliyekuwa pale hakulifungua hata skrubu. Aliuliza ni ya kizazi gani, akasema imekwisha, akatuonyesha mpya ukutani.

Tusimwonee. Kwa kanuni alikuwa na haki. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inadai prosesa za kizazi cha nane kuendelea, ukiacha chache tu. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupewa mwaka mmoja wa nyongeza. Na kompyuta isiyozibwa matundu yake, ikaachwa wazi kwenye intaneti, ni hatari kwa mwenye nayo na kwa wengine pia, maana mwizi akishaingia humo aweza kuitumia kuwashambulia watu wasiokujua wala kukukosea. Kwa hiyo hoja ya “bado inafanya kazi” peke yake haitoshi. Gari lisilo na breki nalo linafanya kazi.

Hata hivyo neno lile, imekwisha, lilitukaa kooni mpaka tukafika nyumbani. Kwetu sukari huisha, mwezi huisha, maneno huisha. Lakini chombo? Sisi tumekulia mahali ambapo redio iliyoungua ilipelekwa kwa fundi, ikarudi, ikaungua tena, ikapelekwa tena, na mwishowe spika yake ikawekwa ndani ya redio ya jirani. Hakuna aliyejua ni siku gani hasa ile redio ilikwisha. Hapa siku hiyo inapangwa na kutangazwa mapema, kwa tarehe, na mtu ambaye hajawahi kukiona chombo chako.

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Goma, alipotusikia tukilalama alisema jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Katika vipuri vidogo vya kompyuta na simu mna madini ya tantali, na tantali hutokana na koltani, na koltani yachimbwa Rubaya, wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, kwa sururu na mikono mitupu. Machimbo hayo yalitekwa na waasi wa M23 mwaka 2024. “Mnanunua mpya,” akasema, “na kule kwetu kuna mtu anarudi shimoni.” Haikuwa hotuba, alisema huku akikoroga chai. Nasi hatudai kwamba kompyuta moja ya Brampton ingemzuia mtu yeyote asishuke shimoni. Ila hesabu yake ni sahihi kwa sehemu kubwa: umeme wa Ontario hutoka zaidi kwa nyuklia na maji, kwa hiyo moshi wa kompyuta kama yetu haumo sana katika kuiwasha, umo katika kuitengeneza. Israfu ilikwisha kufanyika zamani, kabla hatujainunua. Kilichobaki mikononi mwetu ni kama tutairudia au hatutairudia.

Tukaamua kutengeneza.

Kwanza tulitoa diski ya kuzunguka tukatia ya SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani. Ikiwa kuna msomaji mwenye kompyuta ya zamani na fedha za kitu kimoja tu, basi anunue hicho. Ilikuwa ikituchukua dakika nne kuwaka. Sasa kabla hujavuta kiti imeshawaka. Kisha kumbukumbu, kutoka gigabaiti 8 hadi 16, ya aina ya DDR3 ambayo madukani haionekani tena lakini kwa watu imejaa tele. Kadi ya picha ndiyo iliyotusumbua. Sanduku la ofisi lina kifaa cha umeme cha wati 290 tu, tena cha umbo lake mwenyewe, huwezi kubadilisha kwa chochote. Kijana alitaka kadi kubwa aliyoiona kwa rafiki yake. Tulimwonyesha hesabu: tundu la kadi lenyewe hutoa wati 75, na kadi inayotosheka na hizo ni kama GTX 1650, ya mwaka 2019. Akanuna siku mbili. Siku ya tatu alikuja na tangazo la mtu anayeiuza, kutoka Kijiji.

Hapa turuhusiwe kucheka kidogo. Mtandao huo wa matangazo uliingia Kanada mwaka 2005, na jina lake ni letu kabisa, la Kiswahili. Kila tunapowasikia majirani zetu Wapunjabi wakisema wameuza sofa Kijiji, tunawaona kana kwamba wamelibeba mpaka shamba kwa bibi. Kadi tuliichukua mkononi, kwa dola 110, katika maegesho ya magari ya Bramalea City Centre, kwa bwana mmoja aliyeifunga kwenye soksi.

Kwa upande wa programu tulikata shauri la katikati. Kompyuta ina nyumba mbili ndani: Linux kwa kazi, benki na kaseti, na Windows 10 yenye mwaka wake wa nyongeza kwa ajili ya gemu, kwa kuwa michezo mingi ya kushindana mtandaoni inaikataa Linux. Mwaka huo ukiisha, upande wa pili utafungwa, na kijana anajua. Tulimfanya aandike tarehe hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya sanduku.

Kumbe kazi ngumu ilikuwa muziki. Tulidhani utachomeka waya kutoka deki ya kaseti hadi nyuma ya kompyuta, basi. Tulipoanza kusikiliza, chini ya kinanda cha Juma Bhalo kulikuwa na mlio mwembamba kama wa mbu, ambao hupanda kadiri kadi mpya ya picha inavyofanya kazi. Umeme wa gemu ulikuwa ukiingia katika taarabu! Dawa yake ni kisanduku kidogo cha sauti cha nje kinachochomekwa kwa yuesibi, ili sauti igeuzwe kuwa tarakimu mbali na vurugu zilizo ndani ya sanduku. Lakini hakuna dawa ya muda. Kaseti ya dakika 90 inataka dakika 90, hata uwe na kompyuta ya mfalme, na wakati huo gemu haifunguliwi, la sivyo sauti hukatikakatika. Hivyo yule aliyetaka kasi kuliko wote alilazimika kuingoja kaseti. Jumamosi na Jumapili asubuhi ni zetu, jioni ni zake. Mara nyingine hushuka mapema akakaa pale, simu mkononi, akingoja upande B umalizike. Siku ya harusi ile ya pili aliuliza ni nani anayekohoa kati ya beti. Tukamwambia ni bibi wa mama yake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kazi ilipokwisha, mezani palibaki vitu: diski inayoguna, vipande viwili vya kumbukumbu vya gigabaiti 4, kioo cha inchi 19 chenye mstari wa kijani pembeni, na printa ambayo hakuna aliyekumbuka ilivunjika lini. Na wiki hiyo hiyo mwenzetu alikuwa akijaza kontena la Mombasa. Mnajua jinsi tunavyosema sote: peleka tu, kule watu watapata matumizi. Tumelisema neno hili miaka zaidi ya ishirini, na tumelisema kwa moyo mweupe. Tulishafunga boksi na kuandika jina la binamu yetu, ambaye ni fundi wa kompyuta Kisauni, ndipo tukampigia simu kumpa habari njema.

Alishukuru, akauliza hali za watoto. Kisha akasema, “Dada, hizo kumbukumbu nitumie, leo hii zina mtu. Hiyo diski inaguna huko, huku itaimba? Na hicho kioo ningekuwa nacho ningekiuza mwenyewe kwa mtu nisiyempenda.” Tulicheka. Akaendelea, na hapo hakuwa akicheka tena: kila kontena likija analetewa mizigo ya mapenzi namna hiyo, haiwezi kurudishwa kwa kuwa ni zawadi, na aliyetuma ataudhika. Anavua vinavyofaa, na vinavyobaki anamlipa mkokoteni avipeleke. “Ninyi mna pa kuvitupa. Mimi vyangu mwisho wake ni Mwakirunge.”

Mwakirunge ndiko liliko jaa la Mombasa. Tuliposikia hivyo tulitazamana. Sisi ambao tuliudhika mwuza duka alipoiita kompyuta yetu takataka, tulikuwa tumeichukua takataka ya kweli tukaiita zawadi, tukaandika na jina la mtu juu yake.

Si kwamba kila kilichotumika ni taka. Computer for Schools Kenya, tangu mwaka 2002, imesaidia shule kupata kompyuta zilizotumika ambazo zimepimwa na kutengenezwa kwanza, na hapa Kanada mpango wa namna hiyo upo tangu 1993. Na nchi zetu nazo hujichorea mstari: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2009 ilitangaza kuzuia kompyuta na friji kuukuu. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka mpaka nchi inayopelekewa ikubali kwanza. Serikali huulizwa. Binamu hakuwahi kuulizwa na yeyote mpaka siku ile, nasi tulimpigia simu ili tusifiwe.

Wako wasomaji watakaosema tunazidisha, kwamba fundi wa nyumbani hufufua vitu ambavyo hapa hakuna anayethubutu kuvigusa. Ni kweli, na binamu yetu ni mmoja wao. Lakini ustadi wake si ruhusa yetu. Ikiwa tunaamini printa ile yaweza kufufuka, tungeifufua sisi, kwa fedha zetu, ndipo tuitume.

Boksi lilifunguliwa. Kumbukumbu mbili zilikwenda na msafiri, ndani ya bahasha, pamoja na diski mpya ya SSD ambayo hakuiomba. Diski ya zamani ilitobolewa kwa drili, kwa kuwa ilikuwa na picha zetu, ikapelekwa pamoja na printa kwenye kituo cha kukusanyia taka cha Heart Lake, ambako vifaa vya umeme vina sehemu yake. Kijana ndiye aliyevishusha garini. Kioo chenye mstari wa kijani bado kiko chini ya ngazi. Mmoja wetu anashikilia kwamba mstari ule ni waya tu.

Na jana kijana ameanza mazungumzo ya prosesa. Tumemwambia angoje, bado kaseti 19.