"NILITUMIWA TU, NAMI NIKATUMA"

  

Kuna neno tunalolisikia kila siku: "Mimi sikulitunga, nilitumiwa kwa telefone, nami nikawatumia wengine." Je, mwenye neno hilo ameepuka dhambi?

Kumbuka Ebola ya Beni na Butembo, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ikamalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Kwenye WhatsApp zikapita sauti kwamba ugonjwa ni biashara, na kwamba kituoni wanakata viungo vya maiti. Wagonjwa wakafichwa nyumbani, na waliowauguza wakaambukizwa. Mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, akauawa kwa risasi Butembo akiwa kazini.

Usiseme watu walikuwa wajinga. Tangu 2014 waliona wenzao wa Beni wakichinjwa, na magari ya msaada hawakuyaona kwa wingi ule yalivyokuja kwa Ebola. Kisha Desemba 2018 kura yao ikaahirishwa, ugonjwa ukitajwa kuwa sababu mojawapo. Shaka yao ilikuwa na mzizi. Lakini kuwa na shaka ni jambo moja, kutoa ushahidi ni jingine. Nani aliyeona kiungo kimekatwa? Kila mmoja alikuwa amesikia.

Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuchunguze habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Angalia vizuri: amri hiyo amepewa mpokeaji wa habari. Na katika hadithi ya Muslim, Mtume (s.a.w.) amemhesabu kuwa mwongo yule anayesimulia kila anachosikia. Kidole kinachotuma kina hukumu ya ulimi.

Tazama pia jambo la kuosha maiti. Maiti ya Ebola inaambukiza sana. Wanazuoni wetu walikwisha kusema zamani: maji yakileta madhara, hufanywa tayammum, nayo ikishindikana, faradhi huondoka kwa dharura, na maiti huswaliwa. Anayetuma kwamba maziko hayo ni batili ameisingizia sheria yenyewe, na amewapeleka watoto wa marehemu kumshika baba yao kwa mikono mitupu.

Ukitambua kwamba ulichotuma ni uongo, kukifuta kwenye telefone yako hakutoshi. Toba katika haki za watu ina sharti la kurudisha. Warudie wale wale uliowatumia, uwaambie habari ile si kweli, na uwaombe nao wawaambie waliowapelekea.