Kuimba Usichokiamini Bado

Kijana mmoja wa darasa langu la kipaimara, anayetoka kwenye mashamba ya chai upande wa Katumba, aliniuliza: “Mwalimu, nikiimba jambo ambalo sijaliamini, si ninadanganya mbele ya Mungu?” Wenzake walicheka. Mimi nilifunga kitabu cha nyimbo, nikamwomba arudie swali ili wote walisikie, kwa maana hakuna swali zito kuliko hilo kwa mtu anayefundisha imani kwa njia ya nyimbo.

Nami hufundisha hivyo. Mvua ya Aprili ikishapiga bati la darasa letu hapa Tukuyu, maelezo ya mtu mmoja hayasikiki, lakini vijana wakiimba pamoja wanasikika. Hata jua likiwaka ningefanya vivyo hivyo, kwa sababu Wamoravian tumelelewa kwa nyimbo. Ndugu wa Bohemia, waliotutangulia katika imani, warithi wa mafundisho ya Jan Hus aliyechomwa moto mwaka 1415, walikuwa na kitabu cha nyimbo kilichochapwa mwaka 1501, miaka 16 kabla ya hoja za Luther. Askofu wao Comenius, aliyewatungia watoto kitabu cha picha mwaka 1658 ili wajifunze kwa macho, ndiye huyo huyo aliyewaandalia waumini wake kitabu cha nyimbo. Na kule Herrnhut, Ujerumani, kanisa letu lilipofufuka katika karne ya 18, kulikuwa na ibada ambayo mahubiri yake yalikuwa nyimbo tupu: kiongozi alichukua ubeti kutoka wimbo huu na ubeti kutoka wimbo ule, akazipanga beti hizo moja baada ya nyingine hadi fundisho likakamilika. Wamisionari waliofika huku kwetu Rungwe mwaka 1891 pamoja na Theodor Meyer walitoka katika kanisa hilo.

Ibada hiyo ya Herrnhut ndiyo niliyoigeuza kuwa zoezi. Nawapa vijana swali, kwa mfano: Mungu yuko wapi mtoto anapokufa? Wanagawana vitabu, wanatafuta beti, wanazipanga, kisha wanaimba jibu lao mbele ya darasa. Hapo ndipo ninapoona wanachoamini, zaidi kuliko kwenye majibu ya katekisimu wanayoyakariri. Kundi moja lilianza na ubeti wa machozi, likaenda moja kwa moja kwenye ubeti wa mbinguni. Binti mmoja akawasimamisha: “Msalaba mmeuacha wapi?” Walibishana mpaka muda wa kuondoka ukapita.

Swali la binti huyo linatuhusu na sisi wakubwa. Kila Jumapili, mahali pengi, tunasikia tangazo la kuimba ubeti wa kwanza na wa mwisho ili kuokoa muda. Utenzi mzuri ni hoja inayotembea. Ubeti wa pili unajibu wa kwanza, wa tatu unauliza jambo jipya. Ukiruka katikati, umemwonyesha kijana shida na ushindi, ukamficha njia. Mapambio nayapenda, yanachangamsha na kuunganisha watu, lakini pambio hulishika jambo moja na kulirudia. Mtoto asiyejua ila mapambio atapata shida siku maisha yatakapomtaka beti zote.

Huwatuma pia kwa bibi zao, wakaulize: ungependa uimbiwe wimbo gani siku ya mazishi yako, na kwa nini? Wengi wa vijana hawa huzungumza Kiswahili kutwa nzima, na bibi hujibu kwa wimbo wa Kinyakyusa alioushika bila kitabu. Bibi mmoja wa Masoko alimwambia mjukuu wake kwamba hataki wimbo wa kuliza watu. Anataka ule wanaouimba makaburini alfajiri ya Pasaka, “ili mjue nimetangulia tu.” Kijana alirudi na wimbo huo, akautafsiri mwenyewe ubeti kwa ubeti. Somo langu la ufufuo halijawahi kueleweka hivyo.

Lakini swali la yule kijana linabaki. Augustino, katika Maungamo yake, alihofu kwamba nyakati nyingine sauti inamgusa kuliko yale yanayoimbwa. Hofu hiyo ni ya haki. Sauti tamu inaweza kumwingizia mtoto fundisho ambalo akili yake ingelikataa likisemwa wazi, na mwalimu anayeitumia hivyo anamwibia hiari yake.

Nilimjibu kwamba wimbo wa kanisa hauimbwi na mtu mmoja. Unapouimba unasimama katikati ya walioamini kabla yako, unajaribu maneno yao mdomoni mwako. Huo si uongo, mradi hujaambiwa kwamba ni lazima uyameze. Yule baba wa Marko 9 aliungama imani na kutoamini kwa pumzi moja, na Yesu hakumfukuza. Zaburi ya 88 inaishia gizani, nayo imo katika kitabu cha sifa cha Israeli. Mwenye shaka ana wimbo wake. Ni sisi walimu tusiomwonyesha.

Kwa hiyo nimewaomba wazee wa kanisa jambo moja kwa ajili ya siku ya kuwahoji vijana. Kila mmoja achague ubeti anaouimba kwa moyo wote, aueleze. Kisha achague na ule ambao bado unamshinda, aseme kwa nini. Mzee mmoja aliuliza tutafanya nini na yule atakayeutaja ubeti wa pili. Nikasema tutambariki pamoja na wenzake, na mwaka unaofuata tutamtembelea nyumbani, tumuulize tena.