Abiria Hagawanyiki

Ukifungua Katiba ya Kenya ya 2010 hadi Jedwali la Nne, utakuta serikali ya kitaifa imepewa trafiki ya barabarani. Geuza ukurasa, utakuta kaunti nazo zimepewa trafiki na maegesho, pamoja na uchukuzi wa umma wa barabarani. Mwanasheria mzuri anaweza kukueleza tofauti ya trafiki hizo mbili, na ukimsikiliza utaona maelezo yake yana mantiki. Lakini matatu ni moja, barabara ni moja, na abiria aliyening'inia mlangoni ni mmoja.

Sitaki kuuliza swali la sheria hapa. Langu ni la maadili: kazi ikigawanywa kati ya wengi, je, wajibu wa kujibu nao hugawanyika? Na ukikatwa vipande vidogo sana, huenda wapi?

Chukua matatu yoyote ya Nairobi. Leseni ya kuhudumu njia yake hutoka NTSA, mamlaka ya kitaifa iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Ada ya maegesho hulipwa kaunti. Polisi wa trafiki anayeisimamisha ni wa serikali ya kitaifa. Barabara nayo inategemea uko wapi: Thika Road ni ya mamlaka ya barabara kuu, nyingine ni za KURA, na zile za ndani mtaani ni za kaunti. Halafu tangu 2017 kuna NaMATA, iliyoundwa ili kuunganisha uchukuzi wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Yaani tulipoona wenyewe wamekuwa wengi, tukaongeza mmoja. Nauli je? Hiyo hupangwa na sacco, ikishauriana na mvua.

Katika kazi yangu ya uandishi wa habari niliwahi kufuatilia steji moja iliyokuwa ikijaa maji kila msimu wa mvua, hadi watu wa mikokoteni wakageuza kuvusha abiria kuwa biashara. Ofisi ya kwanza iliniambia mtaro ni sehemu ya barabara, na barabara si yao. Ya pili ikasema barabara ni yao kweli, ila pale magari yanaposimama ni steji, kaulize wenye steji. Ya tatu ikaniambia pale hakuna steji. Steji inayotambulika iko mbele kidogo. Wote walinipokea vizuri, na kwa nijuavyo hakuna aliyenidanganya. Hilo ndilo lililonisumbua. Ningempata mwongo, ningekuwa na habari ya kuandika. Nilipata watu watatu wakweli na maji ya magotini.

Mwaka 1980, Dennis Thompson, msomi wa falsafa ya siasa, aliandika kuhusu kile alichokiita tatizo la mikono mingi. Kila afisa anaweza kuonyesha kwamba mkono wake uligusa jambo kidogo tu, au haukugusa kabisa. Ukijumlisha yote, madhara yapo lakini aliyeyatenda haonekani. Sisi tuna methali ya karibu: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ila naona methali hiyo inawapa manahodha wetu sifa wasiyostahili, kwa sababu manahodha wale angalau wanagombania usukani. Kwetu usukani hugombaniwa siku ya kukata utepe. Siku ya ajali, kila mtu alikuwa abiria.

Tazama Likoni. Jedwali lile lile la Nne linataja vivuko na bandari miongoni mwa kazi za kaunti, ukiondoa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Hata hivyo, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri na mama na binti yake wakazama, huduma ile iliendeshwa na shirika la serikali ya kitaifa. Ilichukua karibu wiki mbili kuwaopoa. Siku hizo zote, jamaa waliosimama ufuoni hawakuwa na haja ya kusomewa jedwali. Walitaka mtu mmoja atakayesema: hili ni langu, nitawaambia lililotokea.

Kuna jibu rahisi: basi tumpe mmoja kila kitu. Tulijaribu. Februari 2020, uchukuzi, afya, mipango na kazi za umma za Kaunti ya Nairobi zilihamishiwa serikali ya kitaifa, na NMS ikaanza kazi chini ya jenerali wa jeshi hadi 2022. Wapo wanaoikumbuka kwa wema, na siwabishii. Barabara kadhaa za mitaani zilitengenezwa. Lakini mkazi wa Kayole ambaye hakuridhika angemwadhibu nani kwa kura? Jenerali hakuwa kwenye karatasi yoyote. Tulipata mlango mmoja, ila ulifungukia ndani tu.

Linganisha na tarehe 3 Desemba 2018, kaunti ilipozuia matatu kuingia katikati ya jiji. Watu walitembea kwa miguu, wazee na watu wenye ulemavu wakiwemo. Kelele zilikuwa kubwa, na marufuku ikasitishwa mara moja. Sisemi ulikuwa uamuzi mzuri, wala kwamba msongamano haukuhitaji dawa. Nasema kila mtu alijua amri ni ya nani, na kwa hiyo malalamiko yalikuwa na pa kwenda. Serikali iliyo karibu inaweza kukosea vibaya, lakini unaweza kuifikia kwa miguu, hata siku ambayo hakuna gari.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Afrika Kusini ina ngazi tatu: taifa, mkoa na manispaa. Treni za mijini ziko chini ya shirika la kitaifa, manispaa kama Johannesburg na Cape Town zina mabasi yao ya mwendo kasi, na sheria ya uchukuzi ya 2009 inajaribu kupanga nani afanye nini. Bado Cape Town imekuwa ikidai ikabidhiwe treni zake, kwa hoja kwamba huwezi kupanga safari ya mtu ikiwa nusu yake si yako.

Msimamo wangu ni huu. Kugawanya kazi ni sawa, na mara nyingi ni hekima. Simtaki waziri aamue steji ya Githurai ikae wapi. Lakini kutenda na kuitika ni wajibu mbili tofauti, na huu wa pili haugawanywi. Mtoto akilia njiani, mtu mzima wa kwanza kumkuta hamwachi kwa sababu si wa ukoo wake. Anamshika mkono mpaka apatikane mwenyewe. Ofisi inayopokea lalamiko ifanye hivyo: ibaki nalo mpaka ofisi nyingine ikubali kwa maandishi kwamba ni lake.

Utaniambia namwonea karani wa kaunti, abebe dhambi za wizara. Hapana. Simwambii alipe gharama ya mtaro wala akubali lawama. Namwambia atafute mwenye mtaro. Kazi hiyo ya kutafuta lazima ifanywe na mtu, na leo tumemwachia abiria anayetoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Karani ana simu, ana barua yenye nembo, na ana Katiba ambayo Kifungu cha 6 kinazitaka ngazi hizi mbili zishauriane na kushirikiana. Abiria ana nauli tu, tena ya kwenda.

Siku ya uchaguzi mkuu kila mpiga kura hupewa karatasi sita, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi. Siku hiyo wote sita wanatujua, wanajua steji yetu na hata namba ya matatu yetu. Hakuna hata mmoja anayetuambia tumekosea mlango.