Fezi Iliyopotea

Mzee mmoja wa Mwatate alinishushia mota ya kinu chake mlangoni mwa karakana yangu hapa Voi, akasema, "Mapenzi ya Mungu, fundi." Nikaifungua. Harufu ya vanishi iliyoungua ikatujaa puani. Fungu moja la koili lilikuwa jeusi kama kaa. Mawili yalibaki na rangi yake ya shaba. Kwa mota iliyofungwa delta, alama hiyo inajulikana: fezi moja kati ya tatu za umeme imepotea kwenye laini, mota ikaendelea kuzunguka kwa zilizobaki mpaka ikajichoma.

Neno lake limenikaa rohoni, maana mimi pia ni muumini. Fezi kupotea hakukuwa mkononi mwake. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru, nchi nzima ikaingia gizani; nani angemlaumu mwenye kinu? Lakini kati ya fezi kupotea na koili kuungua palikuwa na dakika kadhaa, na dakika hizo tulipewa sisi. Kidude cha kulinda fezi, kinachoenea kiganjani, kingekata stima kwa sekunde chache. Alipokuwa akijenga kinu nilimtajia. Akaona bei, akasita, nami sikumsisitizia. Kumtwika Mungu jambo hili ni kumsingizia, tena ni kuficha deni langu mimi.

Wazee wa Kitaita walitunza misitu mitakatifu iitwayo Fighi ili ilinde vijiji, wala hawakuona kujikinga ni kumdharau Mungu.

Wateja huniomba mota inayovumilia. Huwauliza: ivumilie nini? Taa zikipepesa mara moja, sawa, ivumilie. Lakini volti zikishuka kutoka 415 hadi 332, uwezo wake wa kuzungusha hubaki asilimia 64 tu. Mota hunyonya ampea zaidi, hupata joto, wala hainung'uniki. Subira ya namna hiyo sijaiona kuwa ibada, ingawa nimesikia watu wakiisifu, hasa wakiwasifia wake zao.

Mota iliposukwa upya niliifunga pamoja na kile kidude, kisha nikachomoa fyuzi moja makusudi. Mzee akabonyeza kitufe cha kijani. Kimya. Akabonyeza tena. Kinu kilikataa kabisa kuamka. Akakitazama kile kidude kwa muda, akawageukia akina mama waliokalia madebe yao ya mahindi pale nje.

"Rudisha fyuzi, fundi," akasema. "Watu wanangoja unga."