Ababari na Rafu ya Watu wa Kale

Mwaka 1967 Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, alichapisha sura kuhusu ababari (umoja: omobari), wapasuaji wa kichwa wa Wagusii wa Kisii, Kenya. Kazi yao ilikuwa bado hai vijijini. Mtu aliyepigwa kichwani na kuandamwa na maumivu yasiyokoma alikatwa ngozi, mfupa ukakwanguliwa polepole mpaka ukatoboka, na utando wa ubongo ukaachwa bila kuguswa. Sura hiyo iliingizwa katika kitabu cha magonjwa ya watu wa kale. Wapasuaji waliokuwa wakipumua wakawekwa rafu moja na mifupa ya makaburini, na aliyetafuta habari za upasuaji wa siku zile hakuwa na sababu ya kuwatafuta huko.

Hakuna mashine iliyohusika, na hilo ndilo pingamizi zito dhidi ya wanaoogopa akili unde: binadamu walikuwa wakikosea kabla yake. Tena kazi imezidi watu. PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, hupokea makala zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na tangu 2022 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani imeiachia programu kazi ya kuzipa makala za MEDLINE, sehemu kuu ya PubMed, vichwa vya mada, watu wakikagua baadhi tu. Sioni ubaya wa kutua mzigo. Makala iliyoainishwa leo kwa kasoro ndogo humfaa mgonjwa kuliko ile inayosubiri mtaalamu miezi mitatu.

Ila kuainisha si kupanga tu. Ni kutoa ushahidi. Anayebandika mada humwambia daktari asiyemjua: jambo hili ni la aina hii, litafute hapa. Waadventista na Wakatoliki wa Birongo, huko Kisii, wanaijua vyema amri ya kutomshuhudia jirani uongo, na amri hiyo humchukulia shahidi kuwa mtu anayeweza kuulizwa umejuaje. Programu husoma kichwa cha makala na muhtasari. Ikiwa Kisii imetajwa ndani kabisa, kwenye maelezo ya mbinu, na muhtasari ukasema tu nyanda za juu za magharibi ya Kenya, programu haina pa kuijulia. Isitoshe, imefundishwa kwa makala ambazo watu walikwisha kuziainisha, kwa hiyo upofu wa zamani hurithiwa na kuenezwa kwa kasi ambayo karani hakuwahi kuwa nayo.

Watetezi watasema kosa linalojirudia ni rahisi kurekebisha: ligundue mara moja, lifute kote. Kweli, lakini nani atakayeligundua? Mwenye macho ya kuliona ni yule anayejua kwamba omobari si mtu wa kale, na huyo hayumo katika mnyororo wa ukaguzi. Wengine husema modeli za lugha siku hizi hujieleza zikiulizwa. Hujieleza, naam, lakini maelezo yanayotungwa baada ya uamuzi si sababu ya uamuzi, na modeli haipotezi chochote ikikosea. Lawama basi humrudia aliyeituma kushuhudia.

Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na Chuo Kikuu cha Kisii wasisubiri kualikwa. Wapewe watu na bajeti ya kupitia jinsi tafiti za eneo la Kisii zilivyoainishwa, waanze na zile za malaria ya nyanda za juu, na kila kosa lipelekwe kwa maandishi kwa wenye programu, wajibu kwa majina yao.